Ukipeleka Mahindi Kinu, Simama Hapo

Haya ni maneno niliongea Jumamosi kwa ukumbi mmoja hapa Kisumu, mbele ya walimu, mafundi wa simu, watu wa sayba, vijana wa chuo na wazazi wachache. Wengi waliniomba niyaweke kwa maandishi. Nimeyaacha vile yalitoka mdomoni, nimekata tu mahali nilikuwa najirudia.

Hamjambo nyote. Wazee wangu, mama zangu, walimu, vijana wenzangu, asanteni kwa kuacha kazi zenu na kutembea kwa hii jua mkaja kusikiza mambo ya kompyuta. Wenye mmekaa nyuma mkiwa hamsikii inueni mkono juu hii maiki inakatakata.

Mimi ni fundi. Niko na kibanda Kondele, natengeneza laptopu na simu, na huu ni mwaka wa kumi na mbili. Nimezaliwa Vihiga, na kule kwetu mimi ndio nilikuwa natumwa kusiaga. Wenye wamesiaga mahindi wanajua hii safari, unabeba gorogoro zako tatu nne kwa kichwa mpaka senta, unapanga laini, vumbi ya unga inakuingia kwa nywele unarudi nyumbani kama mzee. Na mama alikuwa na sheria moja tu. Usiache mahindi hapo uende kucheza. Simama kando ya kinu, ona yakimwagwa, ona yakitoka, shika unga ukiwa bado moto. Mwenye kinu hakuwa mwizi, yule mzee tulikuwa tunasali na yeye kanisa moja. Lakini mahindi ni yetu, na kama yangechanganyika na ya mtu mwenye yake yameoza, hakuna angejua kama hakukuwa na mtu amesimama hapo. Na yule mzee hakuwahi kukasirika hata siku moja. Mlango wa kinu chake ulikuwa wazi, ukitaka kuchungulia unachungulia.

Sasa kompyuta yenye uko nayo nyumbani inasiaga vitu vyako. Inasiaga barua zako, picha za watoto, maksi za wanafunzi, hesabu za chama, namba ya kitambulisho. Na mimi nataka kuwauliza, umewahi kuruhusiwa kusimama kando ya hicho kinu? Ama unaacha gunia mlangoni, unaambiwa rudi jioni, na mlango unafungwa?

Wacha niwaambie ya mwalimu mmoja. Alikuja kwangu kutoka upande wa Maseno na laptopu imefungwa kwa leso, ameshapitia duka mbili wakamwambia hii imekufa, nunua ingine. Nikaifungua. Prosesa ni Core i3 ya kizazi cha nne, RAM GB 4, diski ni ile ya zamani ya kuzunguka, ukiiwasha unaweza enda kupika chai na urudi. Ndani kuna Windows 10 yenye iliwekwa na kijana fulani wa mtaa kwa mia tano, na kando yake ile programu ya kuvunja leseni. Mnaijua. Ukiiweka antivairasi inalia, na kijana anakuambia zima hiyo antivairasi kwanza. Jameni. Mtu amesimama kwa geti yako usiku anakuambia funga mbwa kwanza ndio niingie, na wewe unafunga mbwa! Nimeona mashini nyingi sana zimeingia vairasi kwa hiyo njia, na mwenye mashini hajui, anafikiria tu ni kuzeeka.

Sikumwambia aache laptopu arudi kesho. Nilimvutia kiti. Nikatoa flashi, ndani iko Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta mahali pa Windows, ile ya Xfce juu ndio nyepesi, nikawasha laptopu kutoka kwa flashi bila kugusa diski yake hata kidogo. Nikamwambia mwalimu, hapa tunaonja tu, usipoipenda nachomoa flashi na mashini yako inabaki vile ilikuja. Waifai ikashika. Akafungua faili zake za maksi zikafunguka. Nikamfungulia ile dirisha nyeusi nikaandika free -h tukasoma pamoja, mashini imewaka yote, desktopu iko pale, na RAM yenye imetumika haijafika GB moja. Akanyamaza kidogo halafu akaniuliza, kwa hivyo hii kitu haikuwa imekufa? Haikuwa imekufa mwalimu. Tukaongeza SSD ndogo, ile diski ya kisasa haizunguki, kwa elfu tatu, tukainstoli, na leo inawaka kabla hujamaliza kuvuta kiti. Yuko nayo hapa ukumbini, sitamtaja.

Na hii si ya mwalimu peke yake. Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel orodha yao inaanzia kizazi cha nane huko, zile za zamani zikakatwa. Sasa angalia laptopu za mtumba zenye zinauzwa hapa mjini, zile zimetolewa ofisi za Uingereza na Ujerumani, kizazi cha nne, cha tano, cha sita. Skrini ni nzima, kibodi ni nzima, bodi haina shida, na kuna karatasi mahali imeandikwa haifai. Mimi hiyo naiona kama dhambi, naomba mniwie radhi kwa neno nzito lakini ndivyo naona. Mzazi ameuza mbuzi akanunua hiyo mashini. Huwezi muambia imeisha na iko mzima.

Wengine mnajiuliza Linux ni nini na nani mwenyewe. Mwaka wa 1991, tarehe 25 Agosti, kijana wa miaka 21 anaitwa Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki huko Finland, alitangazia wenzake kwa mtandao ati anaunda mfumo wa kompyuta, ni kitu cha kujifurahisha tu, haitakuwa kubwa. Mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni ya GPL, ile iliandikwa na Richard Stallman, yenye inasema hivi kwa kifupi: tumia, fungua uone, badilisha, mpatie jirani, na ukimpatia jirani usimfungie mlango wenye wewe ulifunguliwa. Hiyo leseni ndio siri yote. Tangu hapo watu maelfu wameongeza, leo kerneli peke yake, ule moyo wa mfumo, ni zaidi ya mistari milioni 30 ya kodi, yaani yale maandishi programu imeundwa nayo, na yote iko wazi, hata wewe ukitoka hapa unaweza isoma. Simu ya Android yenye uko nayo mfukoni, ndani yake ni kerneli ya Linux. Zile kompyuta 500 zenye nguvu zaidi duniani, zote zinatumia Linux tangu Novemba 2017. Kwa hivyo mtu akikuambia hii ni ya watu wa kuchezacheza, muulize kwa upole kama yuko na simu.

Na kuna Ubuntu, aina ingine ya Linux. Ilitoka Oktoba 2004, na mwenye aliianzisha ni Mwafrika, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, akaipatia jina la Kizulu na Kixhosa lenye sisi tunasema utu. Kwetu Kiluhya mtu ni omundu, sikieni vile hayo maneno ni ndugu. Walikuwa wanatuma CD bure kwa posta, dunia nzima, mpaka 2011. Yangu ya kwanza ilikuja kwa sanduku la posta la shule mwaka wa 2009, mwalimu wetu wa kompyuta ndiye aliomba. Nakumbuka ile bahasha. Sisi watoto wa kijijini hatukuwa tumewahi kutumiwa kitu na mtu wa mbali bila yeye kutaka kitu. Mwalimu akasema kopi mpatie mwenzako, ni halali, na mimi nilishangaa juu kila CD nilikuwa nimeona kabla ya hapo ilikuwa imeandikwa usikopi.

Halafu lugha. Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao kwa mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu yote ni Kiswahili. Hawakungoja kampuni iamue kama Waswahili ni soko. Mlango ulikuwa wazi wakaingia na kamusi yao. Hata Dholuo, hata Lulogooli, hakuna mtu wa kuombwa ruhusa. Vijana wa lugha mko hapa, hiyo kazi inawangoja.

Sasa niseme na shida, juu sitaki mtu aende nyumbani na matumaini ya uongo. Kuna chipu za waifai, hasa zingine za Broadcom, zinasumbua mpaka uweke draiva, ile programu ya kuziendesha, ukiwa na kebo. Kuna printa zenye hazijulikani kabisa, uliza kabla ya kununua, za HP nyingi hazina shida. Programu za Adobe hazikuji kwa Linux, kama kazi yako ya mkate ni Photoshop usihame kwa sababu nimeongea vizuri. Gemu zingine za mtandaoni zinakataa. Na LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, ukifungua barua imetoka kwa Word, saa zingine mistari inaruka. Hiyo ya mistari wacha niwape dawa yake hapa hapa: mara nyingi shida ni fonti. Weka Liberation, herufi zake zina upana sawa na Arial na Times New Roman, na Carlito ishike nafasi ya Calibri. Mtihani wenye ulikuwa unamwagika kurasa tano unarudi nne. Nimefanyia shule tatu hivyo, na shida ikaisha karibu yote.

Nakuja kwa wenye sayba, na naomba mnisikize vizuri juu hapa ndio roho yangu iko. Nilifanya kazi sayba miaka miwili kabla ya kibanda. Siku moja jioni, wateja wameisha, nikafungua folda ya daunilodi ya mashini namba tatu nifute vitu nipate nafasi. Nikaanza kuona. Kitambulisho cha mama fulani, mbele na nyuma. Cheti cha kifo. PIN ya KRA. Sivii, nyingi sana, na namba za simu na majina ya marefarii. Barua ya hospitali ya mtu na majibu yake yote, majina kamili. Picha za paspoti za watoto wawili. Kila mtu alikuwa amekuja, ametumiwa faili kwa WhatsApp ama barua pepe, ameprinti, amelipa kumi, ameenda zake, na maisha yake yamebaki pale kwa mashini yenye mtu yeyote anakaa. Nilikaa pale nikaogopa. Nilifikiria mama yangu, kama kitambulisho chake kiko kwa mashini kama hiyo Luanda ama Mbale, na najua kiko.

Sasa kwa Mint dawa iko na ni ya bure. Ingia kwa mipangilio ya dirisha la kuingilia, kuna mahali pa kuruhusu sesheni ya mgeni, weka tiki. Mteja akija anaingia kama mgeni, anafanya mambo yake, anaprinti, akitoka kila kitu alidaunilodi kinafutika, pasiwadi, WhatsApp aliacha imefunguka, yote. Mteja anayefuata anakuta mashini safi kama sahani imeoshwa. Fanyeni hivyo wiki hii. Na muwaambie wateja mmefanya, mtaona vile watarudi.

Mzee mmoja aliwahi niambia, kijana, mimi sina siri, wacha waangalie. Namheshimu sana huyo mzee na sikubishana na yeye, lakini nitawaambia kitu ilifanyika kwetu. Binti ya dada yangu aliingia jengo moja mjini kupeleka barua ya kuomba kazi. Mlangoni kuna soja na kile kitabu, mnakijua, jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, saa, sahihi, na ukiandika yako unaona za wote wameandika juu yako. Jioni saa tatu akapata meseji, namba haijui, imeandikwa nilikuona ukiingia umependeza. Binti ana miaka ishirini. Hakulala. Alikuwa na siri gani? Hakuwa na yoyote. Alikuwa na namba ya simu tu, na mtu akaichukua mahali aliambiwa lazima aiache.

Hicho kitabu angalau unakiona. Simu ni kitabu chenye kinaandikwa usiku ukilala. Mwaka wa 2013 kule Marekani, tume yao ya biashara ya FTC iliichukulia hatua apu moja ya tochi, Brightest Flashlight. Tochi jameni, kazi yake ni kuwaka. Ilikuwa inatuma mahali mtu yuko na namba ya utambulisho ya simu yake kwa watu wa matangazo, na watu waliidaunilodi mamilioni. Na hapa kwetu kuna apu za mkopo. Dada yangu mwingine alikopa elfu tatu kwa apu moja wakati mtoto alikuwa mgonjwa, akachelewa siku nne. Wakaanza kupigia watu kwa simu yake. Walipigia mwalimu wa watoto. Walipigia mkwe wake saa kumi na mbili asubuhi, wakamwambia huyu mama ni mwizi, na nyinyi mnajua kwetu huku mkwe ni mtu wa namna gani, hata chakula huwezi kula mbele yake ovyo. Dada yangu alilipa ile pesa siku hiyo hiyo, na kwa mkwe hakukanyaga karibu mwaka mzima kwa aibu. Apu ilipata wapi hizo namba? Siku ya kwanza ilisema ruhusu kontakti, na yeye alikuwa na mtoto mgonjwa mkononi akabonyeza ruhusu.

Kwa hivyo leo usiku, kabla hujalala, fanya hii moja. Ingia mipangilio ya simu, apu, ruhusa, gusa kontakti, uone ni nani wako kwa hiyo orodha. Kalikuleta, toa. Tochi, toa. Gemu ya mtoto, toa. Rudia kwa maiki na kwa mahali ulipo. Dakika kumi hazitaisha. Halafu weka brauza ya Firefox kwa simu na uongeze uBlock Origin, inazuia matangazo na zile kodi za kukufuata, na wenye mnanunua bando ya shilingi ishirini mtaona tofauti juu matangazo ni bando yako yanakula. Ukitaka apu ndogo ndogo kama ya noti ama ya tochi, kuna duka linaitwa F-Droid, apu zake ni za kodi wazi. WhatsApp mimi bado natumia, mama yangu yuko huko na kanisa liko huko, na maneno ndani yamefungwa tangu 2016 kwa ufundi ule ule wa Signal, apu ingine ya meseji. Ila unaongea na nani, saa ngapi, mara ngapi, hiyo kampuni inaweza ona. Mambo ya familia yenye ni ya ndani kabisa, sisi ndugu tulihamisha kwa Signal, ilichukua miezi kuwashawishi lakini tuko.

Na sheria iko upande wenu, msiseme hamkuambiwa. Katiba yetu kifungu cha 31 inalinda faragha. Sheria ya kulinda data ni ya 2019 na kuna ofisi ya kamishna. Septemba 2023 hiyo ofisi ilipiga shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka picha za wanafunzi bila wazazi kukubali, na mkopeshaji mmoja wa apu akapigwa karibu milioni 3 kwa mambo kama ya dada yangu. Walimu, hiyo ya picha msikie, kabla hujaposti watoto wakicheza mpira uliza wazazi. Na mnakumbuka watu walipanga laini Nairobi 2023 wapigwe picha ya jicho na watu wa Worldcoin ndio wapate kama elfu saba. Serikali ilisimamisha Agosti ile, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaagiza data ifutwe. Mimi sikuwalaumu wenye walipanga laini, njaa ni njaa. Lakini pasiwadi ikiibiwa unabadilisha, jicho utabadilisha na nini?

Kuna kijana aliniuliza hapo nje kabla tuanze, sasa kama kodi iko wazi si hata mwizi anaisoma? Swali nzuri sana na nimeliweka mwisho makusudi. Ndio, anaisoma. Na mwizi alishawahi kuingia. Kuna programu ndogo inaitwa xz, ya kufinya faili, iko karibu kwa kila Linux. Ilikuwa inaangaliwa na mtu mmoja hasa, Lasse Collin, kazi ya kujitolea, amechoka. Akatokea mtu mwingine anajiita Jia Tan, mpole, msaidizi, akasaidia zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa akapewa funguo. Mapema 2024 akaficha mlango wa siri kwa matoleo mawili, 5.6.0 na 5.6.1, wa kuingia kwa seva za watu, zile kompyuta zinahudumia wengine. Ungefika kila mahali, mabenki, mahospitali.

Sasa mhandisi mmoja anaitwa Andres Freund, mtu wa database ya PostgreSQL na ameajiriwa na Microsoft wenyewe, alikuwa anapima mambo yake kwa Debian, Linux ingine, akaona kitu kidogo. Kuingia kwa mashini ukiwa mbali, kwa njia inaitwa SSH, kunachelewa. Kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Hesabuni na mimi hapa, moja, imepita. Mtu mwingine angesema ni mtandao. Yeye akakataa kuacha, akafungua, akafuata uzi mpaka akafika kwa xz, akaikuta. Tarehe 29 Machi 2024, ilikuwa Ijumaa Kuu, akatangazia dunia nzima. Watu wakarudisha toleo la nyuma kabla lile lenye mlango wa siri halijafika kwa seva nyingi.

Mimi nikisoma hiyo nilikumbuka kinu cha kule kwetu. Kulikuwa na mama mmoja mzee kwa laini, kinu kikilia anajua kimemeza jiwe kabla hata mwenye kinu hajajua, anapiga kelele zima, zima! Alikuwa anajua sauti. Freund alisikia sauti imebadilika. Na angesikia tu, asingeweza kufanya chochote kama mlango ungekuwa umefungwa. Angeandikia kampuni barua na kungoja. Lakini aliweza kufungua mwenyewe, bila kuomba mtu. Sitawadanganya ati kodi wazi haiingii mwizi. Nawaambia mwizi akiingia kuna mtu anaruhusiwa kuwasha taa. Na yule Collin aliyekuwa amechoka, hiyo pia tusisahau, hivi vitu vya bure kuna mtu anakesha navyo, ukipata nafasi ya kusaidia hata kwa kutafsiri menyu ama kuripoti kitu imeharibika, saidia.

Kuna mama pale ameinua mkono. Sema mama.

(Akauliza: sisi ni wa chama, tuko na laptopu moja ya kuandika michango. Na nikikwama, wewe ukiwa umelala, nitaita nani?)

Asante mama, umeuliza yenye watu wengi wanaogopa kuuliza. Kwanza hautakwama peke yako. Kwa chama chenu chagueni wasichana wawili, mmoja akienda kuolewa mwingine abaki, niwafundishe hao wawili bure, siku mbili zinatosha. Pili, michango yenu iandikeni kwa LibreOffice Calc na kila mwisho wa mwezi mkopi kwa flashi mbili, moja ikae kwa mweka hazina na ingine kwa mwenyekiti, nyumba tofauti, juu laptopu yoyote inaweza ibiwa ama ianguke, Linux haizuii kuanguka. Tatu, kila Jumamosi ya pili ya mwezi mimi nitakuwa hapa kuanzia saa nane mchana mpaka jua lishuke. Mkuje na maswali yenu, hata ya simu.

Sasa flashi ziko pale kwa meza ya dirishani, kumi na tano, nimeziandika kwa kalamu nyeupe. Zenye ziko na Xfce ni za mashini za GB 4 kushuka, zingine ni za zenye ziko na nguvu. Kopini, mrudishe. Wenye mmekuja na laptopu jipangeni laini, chaja ziko chini ya meza, na kabla hujakaa kwa hicho kiti hakikisha faili zako umeshakopi mahali pengine, juu hilo ndilo swali la kwanza nitakuuliza. Na nikianza kazi usitoke kwenda kununua soda. Kaa hapo kando yangu.